Matanga ya Sengondo Aliyesema Hayupo

Zamani ipo?

Semeni, "Ipo!" Msininong'oneze, mimi si mgonjwa. Zamani ipo?

Ipo!

Ipo wapi?

Kinywani mwa babu!

Na kinywa cha babu kina meno mangapi?

Matatu!

Nani kasema matatu? Ni manne. Moja limejificha, halipendi wageni. Haya, sogeeni, na mikono iendelee kupukuchua hayo mahindi. Wewe Mbazi, hiyo ni mbegu, si bisi. Mvua ikikatika tukienda kupanda tutakukuta wewe umeota majani masikioni. Khe, khe, khoo! Samahani, ni kikohozi tu, kinapenda kuja mbele yangu kama mbwa wa jirani.

Kale ya kale, babu wa babu yangu hajajua hata kujikuna, milima ingali mibichi, ukiikanyaga unaacha alama ya kisigino, palikuwa na kijiji juu mlimani kikiitwa Kwamzinde. Watu wa Kwamzinde walikuwa na desturi moja. Asubuhi, mtu akitoka nje, kabla hajanawa uso, anaita jirani wa ng'ambo ya korongo: "Upooo?" Na yule anajibu: "Nipooo! Wewe je?" "Nami nipooo!" Basi siku imeanza. Usipojibu, watu wanakuja mbio na jeneza.

Kijiji kile kilikuwa na mhunzi mmoja, jina lake Sengondo. Msidhani mhunzi ni mtu wa kugonga-gonga tu. Kugonga anaweza hata shemeji yangu. Sengondo alijua kuyeyusha. Anachukua mchanga mweusi wa mtoni, anaumimina katika tanuri la udongo refu kuliko mlango, anatia makaa, vijana wanne wanavukuta mivukuto, fuu-fuu, fuu-fuu, toka alfajiri hadi jua la utosi, na chini ya tanuri kinatoka chuma. Na kando ya chuma yanatoka yale matakataka ya kuungua, nayo yanaitwa mavi ya chuma. Chekeni. Chekeni mmalize. Sikuyapa jina mimi. Ningeyapa mimi lingekuwa baya zaidi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kisa kilipofungwa kamba. Tanuri lile lilikuwa na mwiko. Haliwashwi mpaka mhunzi apige magoti, aingize kichwa katika kinywa chake, aseme: "Mimi, Sengondo mwana wa Mbonea, nimekuja." Basi, maneno hayo tu. Lakini ayaseme kwa kweli. Wazee walisema, ukilidanganya tanuri, chuma hupati. Unapata nini?

Mavi!

Mmefurahi eeh? Haya.

Mwaka mmoja akafa Mbonea, baba yake Sengondo. Wakamzika asubuhi. Alasiri Sengondo amekaa barazani peke yake, akasikia kikohozi cha baba yake: khe, khe, khoo! Akageuka. Hapana mtu. Akasikia tena: khe, khe, khoo! Akashika kifua. Kikohozi kinatoka kwake mwenyewe! Ndipo swali lilipomwingia, kama mwiba unaoingia mguuni mtu akicheza ngoma. "Baba yangu yuko wapi? Na mimi ninayeuliza, niko wapi? Hii nafsi yangu ni kitu gani? Maana nikiijua nafsi, nitamjua Muumba aliyeipuliza."

Swali zuri. Msimcheke. Mtu asiyewahi kujiuliza swali hilo ni kama mbuzi, ila mbuzi ana maziwa.

Sengondo akapanda mlima, akaenda kwa Mzee Kivugo. Huyu alikuwa mtawa wa pangoni. Ndevu zake zilifunika magoti, na alikuwa na njaa ya kudumu, maana watu walimletea maswali kila siku na chakula mara moja kwa juma.

"Mzee," akasema Sengondo, "nafsi ni nini?"

"Itafute," akasema Mzee Kivugo. "Ukiipata niletee nami niione. Yangu iliniponyoka nikiwa kijana."

Sengondo akakaa mlangoni mwa pango, akaanza kazi. Na kazi yenyewe akaifanya vipi? Kama mhunzi! Maana kila mtu hufikiri kwa chombo chake. Mvuvi atavua mawazo, mpishi atayapika. Sengondo akasema, "Nitajiyeyusha. Nitaunguza kila kisicho mimi, yatoke mavi yote, mwisho kitabaki chuma. Chuma hicho ndicho mimi."

Akautazama mkono. Je, mkono ni mimi? Hapana, kidole kimoja kiliungua tanurini zamani, na Sengondo akabaki Sengondo. Tupa mkono. Je, jina ni mimi? Hapana, jina ni la babu mzaa baba, nilipewa ningali nalia. Tupa jina. Je, mawazo ni mimi? Hapana, mawazo yanaingia yenyewe kama mbuzi shambani, na kutoka hayataki. Tupa mawazo. Tupa, tupa, tupa. Siku ishirini na moja akitupa. Siku ya ishirini na mbili akatazama chini ya tanuri lake la moyoni. Chuma hakuna. Mchanga wote umekuwa nini?

Mavi!

Hapo msicheke, hapo Sengondo alilia. Akamwendea Mzee Kivugo. "Mzee, nimetafuta kila pembe. Sikuiona nafsi. Hakuna mimi."

Mzee Kivugo akamtazama, uso ukang'aa. "Vizuri!" akasema. Akainuka, akaingia ndani ya pango.

Na Sengondo? Alilichukua lile "vizuri" kama mtu aliyepewa mguu wa ng'ombe. Akaona masomo yamekwisha, amefuzu. Hakungoja hata maji ya kunywa, akateremka mlima mbio.

Sasa wajukuu, nisaidieni. Nikiuliza, "Sengondo, upo?" mtajibu nini? Mtajibu, "Sipo!" Tujaribu. Sengondo, upo?

Sipo!

Semeni kwa huzuni kidogo. Yeye alikuwa mtu mwenye hekima mpya, na hekima mpya inabana kama kiatu.

Mke wake, Nakiete, alikuwa shambani. Anapasua udongo mkavu kwa jembe lililolika likawa kama ulimi wa mbwa. Alipomwona mumewe anakuja, akalitupa. "Baba watoto! Umerudi! Upo?"

"Sipo."

"Hupo vipi nawe umesimama juu ya kunde zangu?"

"Miguu imesimama. Mimi sipo."

Nakiete akamtazama toka juu hadi chini. "Njaa hiyo," akasema. Akampeleka nyumbani, akamwekea ugali na kisamvu. "Nani atakula?"

"Mdomo utakula."

Mdomo ukala. Ukala bakuli la kwanza, ukala la pili, ukafuta sufuria kwa kidole. Nakiete akatikisa kichwa: "Mtu hayupo, lakini chakula ndicho kilichokwisha!"

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, wajukuu, lakini tazameni nje. Mnaona mawingu yale? Mawingu kama hayo yalikuwa yamepanda juu ya Kwamzinde. Mvua ya vuli ilikuwa imebakiza siku tisa kuanza, pengine nane. Na majembe ya kijiji kizima yalikuwa kama la Nakiete, mengine yamebaki mpini na matumaini. Sengondo alikuwa hajayeyusha tangu msiba wa baba yake. Bila chuma hakuna jembe. Bila jembe udongo ule mgumu haufunguki. Usipofunguka, mbegu inaliwa na ndege, na watu wanaliwa na njaa. Na wazee walikuwa wanaikumbuka njaa ya mwaka wa ngozi, watu walipochemsha ngozi za vigoda vya kukalia.

Kwa nini asiyeyushe mwingine? Mwingine hakuwepo. Rangi ya moto, vipimo vya mchanga, saa ya kufungua tanuri, yote aliyajua Sengondo peke yake, na tanuri lilimjua yeye.

Wazee wakaja. "Sengondo, mwanetu, upo?"

Sipo!

"Tunaomba uwashe tanuri."

"Wazee wangu," akasema Sengondo, na sauti ilikuwa ya heshima kabisa, "nitawashaje? Tanuri linataka nikaseme 'Mimi nimekuja.' Nami nimetafuta, hakuna mimi. Nikisema, nitakuwa nimelidanganya. Mtapata mavi ya chuma, na makaa ya mwaka mzima yatakuwa yameungua bure."

Mnaona taabu hiyo? Msidhani alikuwa mvivu anayejificha. Mvivu ningemtambua, nimewazaa. Huyu alikuwa mkweli. Na mkweli aliyeshika nusu ya ukweli ni mzigo kuliko mwongo, maana mwongo unaweza kumhonga.

Zikabaki siku saba. Zikabaki siku sita. Asubuhi ng'ambo ya korongo wanaita, "Sengondo, upooo?" Naye anajibu?

Sipo!

Zilipobaki tano, Nakiete akaamka, akafunga kanga ya kiunoni kwa fundo la vita, akatuma neno bondeni: "Mwambieni Mkunde aje. Nina msiba."

Mkunde ni nani? Mkunde alikuwa mtani. Watu wa mlimani na watu wa bondeni walitaniana toka enzi na enzi. Mtani wako anaweza kukuita nyani mbele ya mkwe wako, nawe ukacheka. Anaweza kumchukua kuku wako na kukuomba chumvi ya kumlia. Lakini ukifa, ni yeye anayekuja kukubeba. Na siku ya matanga anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anasema maneno yako, mpaka waliao wacheke na machozi yawashuke vizuri. Hiyo ndiyo desturi, na haikatazwi na mtu.

Mkunde alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mwanamke mpana hata mlango ukimwona unajuta. Akapanda mlima siku hiyo hiyo, akaanza kulia toka mbali. "Uwiii! Mtani wangu! Uwiii!" Alipofika uani akanyamaza ghafla. "Nani kafa?"

"Mume wangu," akasema Nakiete.

"Kafa lini?"

"Mwulize mwenyewe, huyo hapo kwenye kigoda."

Mkunde akamsogelea Sengondo, akamchungulia tundu moja la pua, akachungulia la pili. "Sengondo, upo?"

"Sipo."

"Kasema mwenyewe!" Mkunde akapiga makofi. "Nyote mmesikia? Maiti ya heshima hii sijapata kuiona, inatoa taarifa yenyewe! Chinjeni jogoo, pikeni, leo ni matanga!"

Sengondo akatabasamu kidogo. Aliona sawa, asiyekuwepo atakataaje matanga?

Kijiji kizima kikajaa uani, mchana kweupe. Mkunde akaingia ndani. Alipotoka, looo! Amevaa joho la ngozi la Sengondo, halikufunga mbele. Amevaa kofia yake ya manyoya ya mbega. Amekunja kidole kimoja kama kile kilichoungua. Akatembea: mguu wa kulia sawasawa, mguu wa kushoto anaurusha pembeni, tap-fyaa, tap-fyaa, kama bata aliyekanyaga kaa la moto. Watu wakaanza kujishika midomo. Akasimama, akaukunja uso, akakohoa: khe, khe, khoo! Akasema kwa sauti nzito, "Hebu ngojeni kwanza, moto haujawa mwekundu wa pili." Ndiyo maneno ya Sengondo! Kila siku anayasema, hata akisubiri chai ya mkewe! Watu wakaanguka. Bibi mmoja alicheka hata akaomba atolewe nje, naye alikuwa nje.

"Acha!" akafoka Sengondo.

Mkunde akageuka polepole. "Nani kasema acha?"

"Mi..." Sengondo akakizuia kinywa kwa mkono. "Hasira imesema."

"Hasira ya nani?"

"Si ya mtu. Imepita tu, kama upepo."

"Basi upepo una pua iliyovimba," akasema Mkunde, na watu wakacheka tena. Lakini moyoni Mkunde alisema: huyu ni mgumu, ni chuma kweli, huyu haungui kwa moto wa kwanza.

Akapiga kelele: "Tufikie kurudishiana!"

Hii nayo ilikuwa desturi yao. Mwisho wa matanga, kila aliyempa marehemu kitu anakuja kukichukua, ili marehemu aende mwepesi. Uliyempa shoka chukua shoka. Uliyempa mkeka chukua mkeka.

"Marehemu huyu hana mbuzi," akasema Mkunde, "mbuzi ni wa mkewe. Mkeka nao ni wa mkewe. Basi tuchukue vilivyomo ndani mwake. Nani alimpa huu mwendo?"

Akainuka shangazi yake, Nanzia, mzee, mguu wake wa kushoto una kilema cha tangu utotoni. "Ni mimi," akasema. "Mama yake alipougua, nilimlea mwaka mzima. Alijifunza kutembea akinifuata nyuma. Mguu wake ni mzima kabisa, lakini anaurusha, maana alidhani ndivyo watu wanavyotembea." Shangazi akajifuta macho. "Ninauchukua mwendo wangu."

"Sengondo, rudisha!" akasema Mkunde. "Tembea bila huo!"

Sengondo akainuka, akajaribu. Akanyanyua mguu wa kushoto, akauweka mbele, akausahau ule wa kulia. Puu! Chini. Hakuna aliyecheka, isipokuwa kuku.

"Na kikohozi?"

Akainuka baba mdogo. "Hicho ni cha marehemu kaka yangu Mbonea, naye alikipata kwa baba yetu. Sisi tuna mapafu mazima, lakini tunakohoa kabla ya kusema, ndiyo hodi yetu. Ninakirudisha ukooni."

Hapo uso wa Sengondo ukabadilika. Akafungua kinywa, akakishika kifua kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Lakini kukidai? Asingeweza. Angesema "changu"? Cha nani?

Ile "hebu ngojeni kwanza" ikachukuliwa na mzee aliyemfundisha kugonga chuma. Hasira ikachukuliwa na mjomba, naye akaipokea kwa fahari: "Niliitafuta siku nyingi." Jina likachukuliwa na wana wa babu yake. Kila mtu akija anachukua, akija anachukua, na Sengondo anabaki kwenye kigoda kama mzinga ulioliwa asali. Yale aliyoyatupa pangoni akidhani ni mavi ya chuma, kumbe kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe analia akikichukua.

Wa mwisho akaja Nakiete.

"Wewe ulimpa nini?" akauliza Mkunde, na sauti ya mchezo ilikuwa imepungua.

"Kicheko," akasema Nakiete. "Alipokuja kuposa alikuwa hajui kucheka. Alikuwa anatoa pumzi puani, hm, hm, kama mbuzi aliyenusa pilipili. Dada zangu walinisihi nimkatae. Nilimfundisha mimi, mwaka wa kwanza, jioni kwa jioni. Ninachukua kicheko changu." Akafumba kiganja kama aliyedaka nzi, akakitia kifuani, akaenda kukaa.

Na hapo, wajukuu, akatokea nani kwenye kona ya ua? Mzee Kivugo wa pangoni! Ndevu mbele, yeye nyuma. Alikuwa amenusa jogoo toka mlimani.

"Hodi wafiwa," akasema. "Hapa ndipo palipo na msiba wa mtu asiyekuwepo? Natumaini na chakula si cha namna hiyo."

"Karibu, Mzee," wakasema. "Marehemu ndiye huyo."

Mzee Kivugo akamtazama Sengondo, macho yakamtoka. "Wewe! Ulikwenda wapi wewe? Uliniambia hukuipata nafsi, nikakuambia vizuri, nikaingia ndani kukuchemshia kunde, maana ndiyo kwanza somo linaanza, na somo la pili halifundishwi mtu mwenye njaa. Natoka na chungu, hayupo! Nimekula kunde za watu wawili, kijana wangu. Siku tatu tumbo lilinguruma hata popo wakahama pango."

Lo! Uwanja mzima ukapasuka. Mkunde akakaa chini na joho la ngozi likachanika mgongoni, prraa! Na Sengondo je? Kicheko kilimjia toka kwenye nyayo. Kikapanda magotini, kikapanda tumboni, kikafika kooni, kikasimama. Hana cha kuchekea! Amerudisha! Mashavu yakavimba, machozi yakamtoka, puani inatoka hm, hm, kama mbuzi aliyenusa pilipili. Akamtafuta Nakiete kwa macho, akamwona. Akatambaa kwa magoti katikati ya watu wote, maana mwendo nao hana, akafika miguuni pake.

"Nakiete," akasema. "Niazime."

"Nikuazime nini?"

"Kicheko."

Nakiete akakikaza kiganja. "Anayeazima ni nani?"

Watu wakaacha kutafuna. Hata Mzee Kivugo, na huyo kuacha kutafuna si jambo dogo. Mawingu juu yakanguruma. Sengondo akamtazama mkewe, akamtazama shangazi, akamtazama baba mdogo anayekishika kikohozi cha ndugu yake kama yai.

"Ni mimi," akasema Sengondo.

Nakiete akafungua kiganja.

Sijui niwaelezeje alivyocheka. Inasemekana ng'ambo ya korongo walidhani ni mvua. Alicheka, akalia, akacheka, na watu wakaja mmoja mmoja kumrudishia: haya mwendo wako, haya kikohozi, haya jina. Mjomba tu ndiye aliyetaka kubaki na hasira, akanyang'anywa.

Alipopoa, akamgeukia Mzee Kivugo. "Mzee, nilikosea. Nilijiyeyusha nikitafuta chuma ndani ya mchanga. Lakini hata chuma, ukiutazama mchanga hukioni, ukiyatazama makaa hukioni, ukiutazama upepo wa mivukuto ndiyo kabisa. Vinakutana, kinatoka. Nami ndivyo. Nilivitenganisha vyote, kisha nikashangaa kwamba sipo."

"Hilo ndilo somo la pili," akasema Mzee Kivugo, "na umejifundisha mwenyewe wakati mimi nakula. Mwalimu gani atapata mwanafunzi kama huyo! Nafsi yako ipo, Sengondo. Ila si mali yako. Umeazimwa, na aliyekuazima amepitisha kwa mikono ya watu. Ukitaka kumjua, usimpelekee kiganja kitupu ukajisifu. Kifanyie kazi ulichopewa. Hilo paja la jogoo lina mwenyewe?"

Kesho yake alfajiri, Sengondo alitembea hadi tanurini, tap-fyaa, tap-fyaa. Akapiga magoti, akaingiza kichwa katika kinywa cha tanuri. Watu wakasubiri nyuma, Nakiete ameshika kile kijembe chake cha ulimi wa mbwa.

Khe, khe, khoo!

"Mimi," akasema, na sauti ikazunguka ndani ya udongo, "mwendo wa Nanzia, kikohozi cha Mbonea, hasira ya mjomba, kicheko cha Nakiete, jina la babu: mimi, Sengondo, nimekuja."

Wakawasha. Fuu-fuu, fuu-fuu. Jua likapanda. Vijana wakaomba wafungue, Sengondo akasema, "Hebu ngojeni kwanza, moto haujawa mwekundu wa pili." Jua likafika utosini, akatoboa chini ya tanuri, na kikatoka chuma. Chuma, wajukuu! Donge kama kichwa cha ndama! Siku tatu mchana na usiku wakagonga. Siku ya nne kila nyumba ilikuwa na jembe. Siku ya tano mvua ikashuka, ikaukuta udongo umefunguka.

Na asubuhi ile, mvua ikinyesha, Mkunde aliita toka njia ya bondeni, joho lililochanika kalifanya mwavuli, hajalirudisha mpaka leo: "Sengondo, upooo?"

Naye akajibu nini? Semeni!

Nipooo!

"Nami nipo, nyani wee! Na kuku wako ninaye!"

Basi, wajukuu. Akija mtu akawaambia nafsi ni yenu peke yenu, jiwe gumu lisilo na mshiriki, mwambieni akamrudishie shangazi yake mwendo. Na akija mwingine akawaambia nafsi haipo kabisa, msibishane naye. Mpeni chakula, kisha mmwombe aoshe vyombo. Atajionyesha tu. Na nyinyi mkienda kumtafuta Muumba, nendeni, ni safari njema. Ila ngojeni kunde ziive.

Zamani ilipo sasa ni wapi?

Masikioni mwetu!

Itunzeni, nami nikiisahau mtaniazima. Na kinywa cha babu kina meno mangapi?

Manne!

Mmeerevuka. Haya, mvua imekatika, bebeni mbegu twende shambani, mwenye jembe na achukue jembe. Khe, khe...

Sikilizeni. Hapana, hicho si changu, mimi bado sijamaliza kukohoa. Nani kakohoa pale mlangoni? Wewe Nietiwe? Una umri gani wewe, miaka sita? Kohoa tena, mjukuu wangu.

Khe, khe, khoo!

Haya. Twendeni tukapande.